Karte ya Mélissa

Siku tisa nzima Spès aliitikia jina lisilo lake. Infirmiye, yaani muuguzi, anasimama mlangoni mwa chumba cha hospitali, anapaza sauti, "Mama Mélissa!", naye Spès anainuka haraka kutoka kwenye mkeka wake kando ya kitanda na kujibu, "Ndiyo, niko hapa." Mama Mélissa, mutoto amekunywa dawa? Mama Mélissa, kaoshe hii ndoo. Na mwanawe Orlane, msichana wa miaka kumi na sita, kitandani na homa yake, anauma shuka ili asicheke. Siku za kwanza walicheka sana, hao wawili.

Mambo yenyewe yalikuwa ya kawaida, na anayejifanya kushangaa hakukaa Bujumbura wakati ule. Ilikuwa mwaka wa 2001, vita vina miaka minane. Gélase, kaka mkubwa wa Spès, alikuwa mfanyakazi wa wizara, na mfanyakazi wa serikali alikuwa na karte za matibabu, yake, ya mkewe na za watoto wake, basi. Dada yake, mjane anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Jabe, hakuwa na kitu. Sasa ulitaka watu wafanyeje? Karte moja ilikuwa inatibu ukoo mzima. Shemeji anajifungua kwa jina la wifi yake, mpwa anang'olewa jino kwa jina la binamu, na karani wa mapokezi anajua, anagonga muhuri, kwa sababu hata yeye ana wapwa.

Wala Spès hakuomba. Gélase mwenyewe ndiye aliyekuja Jabe siku Orlane aliposhindwa kusimama. Akamshika mtoto paji la uso, akatoa mfukoni karte ya binti yake Mélissa.

"Orlane na Mélissa wamezaliwa mwaka mumoja," akasema. "Urefu mumoja, sura moja. Nani atawatofautisha? Mupeleke leo, usingojee kesho."

Spès aliishika mikono ya kaka yake yote miwili, akashukuru mpaka machozi. Tangu mumewe auawe njiani mwaka wa tisini na sita, ni Gélase aliyemlipia Orlane shule, ni Gélase aliyeleta unga. Nani angemkatalia mtu wa namna hiyo?

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Dokteri akasema malaria imekula damu ya mtoto, lazima aongezewe. Saa tisa alasiri wakaleta mfuko. Orlane alikuwa anaongea vizuri tu, anaulizia viatu vyake vya shule kama vimerudi kwa fundi. Haikupita robo saa akaanza kutetemeka.

"Mama, mugongo," akasema. "Mugongo unaniuma."

Spès akatoka mbio. Infirmiye akamwambia ni kawaida, damu imetoka kwenye friji, ina baridi, amfunike. Akamfunika kwa blanketi, na kwa kitenge chake juu ya blanketi. Mtoto akazidi kutetemeka, akapitisha mkojo mweusi. Spès akarudi mara ya pili. Infirmiye alikuwa ameshavua koti jeupe, mkoba begani, maana gari la wafanyakazi liliondoka mapema kabla barabara hazijafungwa, na likikuacha, unalala ulipo. "Mwenzangu anakuja," akasema, "mungojee huyo." Spès aliporudi mara ya tatu, alikuta kiti kitupu.

Na damu iliendelea kudondoka muda wote huo. Kwenye mpira wa damu kuna kigurudumu kidogo cha plastiki. Unakisukuma kwa kidole gumba, damu inasimama. Mtoto wa miaka mitano anaweza. Lakini Spès hakuwa ameambiwa, akakaa pembeni ya ule mfuko mpaka ukaisha, akifikiri kwamba hilo tone linalodondoka ndilo linalomwokoa mwanawe. Orlane alikata roho kabla jua halijazama.

Karatasi ya kifo wakaandika Mélissa. Spès aliliona hilo jina, akafungua mdomo, na Gélase, aliyekuwa amefika mbio, akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Tutarekebisha, dada yangu," akamnong'oneza. "Kwanza tuzike."

Wakazika. Watu wa Jabe walikuja wengi, wakalia, wakaleta maharage na soda, wakasema Mungu amempenda. Spès aliwasikia wakisema hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya saba, akatamani kuwauliza Mungu gani huyo anayepita na mfuko wa damu mkononi. Baada ya hapo wakarudi kwenye shughuli zao, na hilo si kosa lao, vita havikumpa mtu nafasi ya kulia kilio cha mwenzake muda mrefu. Akabaki na chumba kimoja, vitanda viwili. Alikuwa amezoea kupika ugali wa watu wawili, na kwa wiki tatu aliendelea kuupika huohuo, kwa kuwa mkono hautaki kusikia. Usiniulize ule mwingine alikuwa anaupeleka wapi. Alikuwa anaketi mbele yake mpaka upoe.

Wiki ya nne akaja Honoré.

Alikuwa mtu mwembamba wa laboratwari, maabara ya hospitali, mteja wa ndagala wa siku nyingi, ila Spès hakuwahi kujua anafanya kazi wapi. Siku hiyo alichota ndagala, akamtazama muuzaji usoni, akazirudisha zote kwenye rundo.

"We si Mama Mélissa? Wa kitanda cha saba? Nilikuona hospitali."

"Mi ni Mama Orlane," Spès akasema.

Honoré hakuelewa, lakini mdomo wake ulikuwa umeshaanza, na mtu aliyebeba kitu kizito hakiachi nusu njia. Akachutama karibu na fungu la ndagala, akaanza kusema polepole.

"Mama, ile siku, damu ya mutoto haikupimwa. Ilikuwa saa ya kutoka. Mutu wa zamu aliangalia tu kwenye dosiye ya zamani, akakuta imeandikwa A, akatoa mufuko wa A. Kesho yake asubuhi mi nikakuta tyubu ya damu ya mutoto kwenye friji, hakuna aliyeigusa. Nikapima. Ni O. Nikapima tena, O. Nikaandika kwenye rejista, nikamwambia Dokteri Adolphe, ule naibu wa mukurugenzi. Akanambia nifunge rejista. Mi hata sasa sijui ile dosiye iliandikwa A namna gani."

Spès alijua namna gani. Akaketi juu ya gunia. Mwaka wa tisini na saba, Mélissa, yule Mélissa wa kweli, binti wa Gélase, alipasuliwa apendisiti katika hospitali ileile. Dosiye, lile faili la mgonjwa, ilikuwa yake. Na ile A ilikuwa damu yake.

Hapo sokoni, watu wanapita, wanauliza bei, akamwambia yule mtu yote. Kwa nini alimwambia? Kwa sababu hakuwa amemwambia mtu tangu siku ya kuzika, na moyo nao una kipimo chake. Alipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ni karte ndiyo iliyomuua? Ni mi niliyemuua?"

Honoré akatikisa kichwa.

"Mama, nisikudanganye. Karte ilituonyesha njia mbaya. Lakini hata kama kwenye karte ingeandikwa jina la Papa wa Roma, damu inapimwa. Kila mufuko, kila mugonjwa, hata kama mugonjwa ni mama yako muzazi. Ndiyo kazi yetu, na hatukuifanya. Ile ya karte ni yenu. Hii ni yetu."

"Unaweza kuyasema hayo mbele ya watu?"

"Wakiniuliza, nitasema. Wasiponiuliza, apana. Nina watoto wanne."

Ndipo Spès alipojua anataka nini. Msimsingizie, hakutaka pesa, wala hakutaka mtu aende gerezani. Alitaka waandike. Alitaka karatasi yenye muhuri iseme kwamba Orlane, binti wa Spès, alifia kwao, na kwa nini alifia kwao. Maana kama mambo yalivyokuwa, katika hospitali ile hakuna Orlane aliyewahi kuingia, na mtoto ambaye hakuingia hawezi kufa humo.

Jumapili akaenda Kinindo, kwa Gélase. Nyumba ilikuwa ya serikali, geti la chuma, maua. Akapokelewa vizuri, akawekewa chai. Kabla hajafungua mdomo, Léocadie, mke wa Gélase, akatoka ndani na macho mekundu.

"Bora umekuja mwenyewe, Mama Orlane," akasema. "Tulikuwa tunataka kukutumia mutu."

Mélissa alikuwa amefikisha umri wa kuchukua karangamuntu, kitambulisho cha raia. Wiki ile alikuwa amekwenda komini, ofisi ya tarafa, kuomba, na karani akafungua kitabu, akamtazama, akasema, binti, we umekufa. Hospitali ilikuwa imeshapeleka karatasi, na jina lake likakatwa kwa wino mwekundu. Sasa mjue karangamuntu ilikuwa kitu gani miaka ile. Kwenye kila barazho, kila kizuizi cha barabarani, askari anaitaka. Usipokuwa nayo unashushwa kwenye gari, unakalishwa kando ya njia, na wengine waliokalishwa kando ya njia hawakuonekana tena. Mtoto alikuwa hatoki nje ya geti tangu Jumatano.

"Orlane alikuwa na karatasi ya kuzaliwa," Gélase akasema, akiangalia kikombe. "Tupe hiyo, dada. Mélissa atachukua karangamuntu kwa jina la Orlane. Shuleni nitaongea na mukubwa, ni rafiki yangu."

Spès alihisi sikio limemdanganya. "Munataka jina la mutoto wangu?"

"Wako ameshaenda," Léocadie akasema, na akaanza kulia. "Ameshaenda, Mama Orlane, hakuna wa kumrudisha. Wangu yuko hapa. Anatembea. Muache apite."

Alimchukia Léocadie kwa maneno yale, na papo hapo akamwonea huruma. Akawaambia habari za Honoré. Gélase alisikiliza mpaka mwisho, uso ukageuka rangi.

"Ukiyasema hayo, mi kazi imekwisha," akasema. "Tena si kazi tu, nitafungwa. Hii nyumba itachukuliwa. Na we nani atakusaidia? Nimekukosea nini, Spès? Nilitaka mutoto apone!"

"Najua, kaka."

"Sasa?"

Spès akageuza uso. Mélissa alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mrefu, mwembamba, na vile alivyoegemea fremu ya mlango ndivyo hasa Orlane alivyokuwa akiegemea. Spès akashindwa kumtazama. Akaacha chai yake, akaenda zake kwa miguu.

Siku mbili alikaa na karatasi ya kuzaliwa ya Orlane mapajani. Akiitoa, Mélissa anatembea salama, na Orlane naye anakuwa hai katika vitabu vyote vya serikali, atazeeka humo, ataolewa humo, na hakuna mtu duniani atakayeulizwa kwa nini alikufa. Asipoitoa, anamfungia mtoto wa kaka yake ndani ya geti. Alitamani mtu wa kumuuliza. Mumewe hakuwepo, na wa pili ambaye angemuuliza alikuwa Gélase. Siku ya tatu akaenda kwa mwandika barua karibu na posta, akaandikiwa mashitaka kwa Kifaransa, akatia sahihi: Spès, mama wa marehemu Orlane.

Hospitali ilikaa wiki tatu, kisha ikamwita. Lakini ilimwita na Gélase pia, kwa sababu katika dosiye yeye ndiye baba wa marehemu. Wakakutana ukumbini, kaka na dada, wakasalimiana bila kushikana mikono.

Ndani kulikuwa na watu wawili. Dokteri Adolphe alikuwa mtu wa sauti laini, kucha safi. Kando yake mama mmoja kutoka wizara ya afya, miwani puani, anaandika bila kuinua kichwa. Dokteri akasoma barua ya Spès, akaiweka mezani.

"Mama, pole sana. Lakini sisi hatukumpokea mutu anayeitwa Orlane. Tulimpokea Mélissa. Baba yake huyu hapa. Muheshimiwa, una malalamiko yoyote?"

Gélase akasimama. Spès alimwona akivuta pumzi, na kwa kuwa alimjua tangu utoto, akajua kwamba anataka kusema uongo.

"Sina malalamiko," Gélase akasema. "Dokteri, mumusamehe dada yangu. Alimupenda sana Mélissa, na vita vimemuchosha kichwa. Toka mume wake auawe, anachanganya mambo. Binti yake Orlane yuko muzima, yuko kwangu Kinindo."

Jamani! Spès alikuwa amejiandaa kwa mengi, kutukanwa, kufukuzwa, lakini hilo hakuliwaza. Kuambiwa mwanawe yuko mzima, na aliyekuambia ni mtu aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Akainuka nusu kwenye kiti.

"Basi ni rahisi," Dokteri akasema. "Tuletee huyo Orlane saa tisa, tumalize."

Kwa muda wa saa nne nzima Spès alikaa kwenye benchi ukumbini. Watu walipita na ndoo zao, na vyakula, na wagonjwa mgongoni. Chumba cha kitanda cha saba kilikuwa hatua ishirini kutoka pale, mlango wazi. Hakuna aliyemsemesha. Mara moja infirmiye mmoja alipita, akasita, akamkumbuka, akageuza njia.

Saa tisa gari la Gélase likaingia. Léocadie alimshika Mélissa mkono mpaka mlangoni, akimsemesha sikioni kwa haraka. Dokteri akamkalisha mtoto mbele ya meza.

"Binti, jina lako nani?"

Mélissa alitazama sakafu. "Orlane," akasema.

Dokteri akamgeukia Spès, uso wa mtu ambaye kazi yake imekwisha. "Mama. Huyu ni binti yako?"

Angeweza kusema ndiyo. Nawaambia kweli, ilikuwa ulimini. Neno moja, Gélase anabaki na kazi yake, mtoto anatoka nje ya geti, na yeye mwenyewe Jumapili anaalikwa chai, na mbele ya watu atakuwa na binti wa kumwita mama. Alikuwa mpweke kiasi hicho. Alimtazama yule mtoto aliyefundishwa kulisema jina la marehemu.

"Apana," Spès akasema. "Mupimeni damu."

Kalamu ya yule mama wa wizara ikasimama.

"Wangu alikuwa O," Spès akaendelea, akimtazama Dokteri. "Imeandikwa kwenye rejista yenu. Mélissa wa Gélase ni A, imeandikwa kwenye dosiye yenu tangu alipopasuliwa hapa. Huyu mutoto mupimeni. Akiwa O, mi ni mwenda wazimu, munifunge. Akiwa A, muniambie nani alikufa."

"Hatuko hapa kuchoma watoto wazima sindano," Dokteri Adolphe akasema.

"Hakuna atakayemugusa!" Gélase akasema, amesimama tena.

Mélissa akasogea mezani. Alifungua kifungo cha mkono wa blauzi yake, akaukunja mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mezani. Léocadie akatoa sauti moja, kisha akaziba mdomo kwa kitenge.

"Muwite mutu wa laboratwari," yule mama wa wizara akasema. "Na aje na rejista."

Honoré akaja. Hakumtazama Spès. Akamchoma Mélissa kidoleni, akaweka matone kwenye kigae cheupe, akatia dawa, akatikisa. Dakika chache hivi zikapita. Akasema, "A." Akafungua rejista, akasoma mistari miwili yenye jina moja, mmoja wa tisini na saba, mmoja wa mwaka ule. "Mutu mumoja hawezi kuwa na damu mbili," akasema. "Na hii ya pili ilipimwa kesho yake. Kabla ya kumutilia mufuko, haikupimwa." Aliulizwa, na akasema, kama alivyoahidi.

Dokteri Adolphe alikuwa mwepesi. "Basi kosa limejulikana," akasema. "Ni nyinyi muliotuletea karte ya uongo. Mama, kwa mudomo wako mwenyewe umekiri kwamba mulimuingiza mutoto kwa jina la mwingine. Hospitali ingefanya nini?"

"Kweli," Spès akasema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba mi, Spès, nilimuleta mutoto wangu na karte ya mwingine. Andika ya kwanza, juu kabisa, mi nitatia sahihi. Halafu chini yake uandike yenu. Kwamba hamukupima. Kwamba nilikuja kuita mara tatu na mara ya tatu nikakuta kiti. Mi sikatai yangu, Dokteri. Sasa we usikatae yako."

Dokteri alimtazama yule mama wa wizara akitafuta msaada. Yeye alikuwa ameshageuza ukurasa mpya. "Jina la marehemu?" akauliza, kalamu tayari. Spès akalitaja jina la mwanawe lote, la ubatizo na la Kirundi, na kwa mara ya kwanza tangu kifo akalia mbele ya watu.

Walipotoka, Gélase alisimama karibu naye ukumbini. Hakuwa na hasira hata. "Umeniua, Spès," akasema. Akawapakia mke na mtoto kwenye gari. Spès alibaki na benchi lake.

Wiki ya pili Gélase akasimamishwa kazi. Hawakumfunga, ila nyumba akaambiwa aitoe mwisho wa mwezi. Habari zilifika Jabe mbio, na majirani walewale waliokuwa wameleta maharage wakaanza kusema, huyo ndiye aliyemuuza kaka yake. Walikuwa wanapita kwenye fungu lake la ndagala kama hawalioni, wananunua kwa wa pili. Wengi wao walikuwa na karte za watu nyumbani, wakaogopa.

Karatasi ilitoka mwisho wa wiki hiyo, na mihuri miwili. Yule mama wa wizara alimpa nakala mbili. "Hii ni yako," akasema. "Na hii ni ya yule binti, aipeleke komini. Inasema aliyekufa si yeye. Bila hii ataendelea kuwa marehemu."

Nyumbani Spès alikaa kitandani, akaisoma kwa sauti, polepole, kwa Kifaransa chake cha darasa la sita. Mstari wa kwanza ulikuwa wake, kama alivyotaka. Wa pili ulikuwa wao. Jina la Orlane lilikuwa katikati, limepigwa chapa, halina kosa hata moja. Alikuwa amefikiri kwamba siku akilipata hilo moyo utatua. Ulitua kidogo, ni kweli. Lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia, tazama, wameandika, na hilo alikuwa hajalipigia hesabu.

Jumapili akaenda Kinindo. Kwa juu ya ukuta aliona magodoro yamepangwa barazani, yamefungwa kamba. Akagonga geti.

"Nani?" Léocadie akauliza kutoka ndani.

"Ni mi."

Mlango wa nyumba ukafungwa. Spès akagonga tena, akangoja, jua likimpiga utosini. Mwishowe akachutama, akaisukuma ile nakala chini ya geti, nusu yake ikabaki nje. Akawa anajiinua kuondoka ndipo aliposikia miguu isiyo na viatu ikija juu ya changarawe. Vidole vyembamba vikatokea chini ya chuma, vikaivuta karatasi ndani. Ikakunjuliwa, ikasomwa. Ilichukua muda.

"Tanti," Mélissa akamwita shangazi yake nyuma ya geti, chinichini. "Wamenikataza kukufungulia."

"Usifungue," Spès akamjibu. "Kesho uende komini mapema, kabla ya mustari kuwa murefu. Na upite barazho ukiwa umeishika mukononi."

"Ndiyo, Tanti."

Akamsikia akirudi ndani mbio, mpaka mlango ukafunguliwa kumpokea. Spès akajifunga kitenge vizuri, akashika njia ya Jabe.